UMEME WA JUA KATIKA SHULE ZETU: KAZI YETU NA HAKI YETU

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wageni katika mkutano wa Sindo)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wa ufuo, walimu, kina mama wa soko, na ninyi ndugu wafanya kazi wote mliokuja,

Twajua ya kwamba kila mmoja wenu ameacha kazi yake ili kuja hapa, na kina mama wengine wameacha omena juani bila mtu wa kuigeuza. Kwa hivyo hatutawachosha. Tumepewa neno moja tu la kusema leo, nalo ni habari ya umeme wa jua unaowekwa katika shule, zahanati na nyumba nyingine ambazo ni mali ya watu wote.

Wengine watadhani neno hili ni la mafundi wa sola peke yao. Sivyo, ndugu. Mpishi wa shule limo jambo lake hapa, na mlinzi wa usiku, na karani, na muuguzi, na kibarua anayebeba paneli mabegani kupanda kilima. Na mzazi yumo, kwa sababu mtoto ni wake, na fedha pia ni zake.

KWA NINI TUNALITAKA JUA

Sindo yetu iko kusini kidogo ya mstari wa ikweta, kama nusu ya digrii tu. Jua letu halina ubaguzi wa majira kama jua la Ulaya, ambalo wakati wa baridi huchungulia kidogo likaondoka. Letu huchomoza saa kumi na mbili na kitu na kutua saa kumi na mbili na kitu, Januari hata Desemba. Wazee wetu walilitumia kukausha samaki. Leo laweza kuwasha taa, kusukuma maji na kutunza dawa.

Hapa sokoni nyaya za stima zipo. Lakini panda milima ya Gwassi, au shika njia ya bonde la Lambwe, utakuta madarasa ambayo jua likitua masomo nayo yametua. Mtoto hurudi kwenye koroboi, moshi puani na kitabu karibu na moto. Na kuna zahanati ambazo muuguzi humzalisha mama usiku huku ameshika tochi ya simu kwa meno, maana mikono yote miwili ina kazi. Chanjo nayo hutaka ubaridi wa digrii 2 hadi 8, usiku na mchana. Ikipata joto huharibika, na kwa macho huwezi kujua kwamba imeharibika. Mtoto achomwa sindano, mama afurahi, kumbe hakuna kinga iliyoingia.

Kwa hiyo sisi si wapinzani wa sola. Twaitaka sana. Lakini twataka sola inayowaka mwaka wa tano kama ilivyowaka siku ya sherehe.

JAMBO HILI SI GENI KATIKA KENYA

Wako watu wanaosema sola ni kitu kipya kilicholetwa juzi. Yafaa tukumbuke historia. Mwaka wa 1984, shule ya sekondari ya Harambee ya Karamugi, upande wa Meru, ilikuwa ikitafuta mashine ya dizeli ya kutoa umeme. Mwalimu mmoja Mmarekani aliyekuwa akifundisha pale, Mark Hankins, alikutana na injinia wa nchi yake, Harold Burris, aliyekuwa akifanya kazi ya sola papo hapo Kenya. Shule ikakubali kuacha dizeli, ikawekewa umeme wa jua. Baadaye shule nyingine zikawekewa, na katika kazi hiyo wakafundishwa mafundi wa umeme wa palepale.

Shikeni neno hilo, ndugu: wakafundishwa mafundi wa palepale. Hawakuletwa wageni wakafunga vyombo wakaondoka. Wengine katika mafundi wale walienda kuwafungia wakulima na walimu majumbani, na biashara ya sola ikaenea vijijini kwa fedha za wananchi wenyewe, kabla ya Serikali kuwa na mpango mkubwa.

Hata hapa kwetu tumeona mambo. Mwaka wa 2008 huko Mbita, kampuni ya OSRAM ya Ujerumani ilifungua kituo cha kuchaji taa kwa nguvu za jua, ili wavuvi wa omena wapate taa ya kukodi badala ya karabai ya mafuta. Na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, chenye tawi hapo Mbita linaloitwa kwa jina la mwanzilishi wake, Thomas Odhiambo, kimeweka umeme wa jua wa kazi zake.

Kisha, kutoka mwaka wa 2013, Serikali iliposema watoto wa shule za msingi watapewa vyombo vya kompyuta, shule za nchi nzima zilianza kutiwa umeme kwa haraka. Zilizo karibu na nyaya zikavutiwa nyaya, na zilizo mbali zikawekewa sola. Kazi hiyo ilikuwa chini ya Mamlaka ya Umeme Vijijini, ambayo kwa Sheria ya Nishati ya mwaka wa 2019 iligeuzwa kuwa shirika jipya, REREC. Paneli zikapanda mapaani. Na sisi ndio tuliozipandisha.

MLINZI NA BETRI ILIYOKUFA KWA KIU

Sasa twawaambia habari iliyotufanya tuuite mkutano huu. Shule hatutaitaja, wala kontrakta hatutamtaja, maana nia yetu si kumwaibisha mtu bali kurekebisha kazi.

Shule hiyo iliwekewa paneli na betri nne. Siku ya kufungua palikuwa na ngoma, soda na hotuba nyingi. Kila mgeni alisema juu ya nuru. Hapana mgeni hata mmoja aliyesema juu ya betri. Mwaka wa kwanza taa ziliwaka mpaka saa tatu za usiku, na watoto wakasoma. Mwaka wa pili zikawa zinazima saa mbili. Kisha saa moja na nusu. Mwaka wa tatu hazikuwaka tena.

Wakubwa wa shule wakasema, lazima kuna mtu ameharibu. Ni nani alalaye karibu na chumba cha betri? Mlinzi wa usiku. Basi mzee yule akakatwa mshahara miezi miwili, na ya tatu ilikuwa njiani. Alikuja kwetu akiwa na karatasi ya mshahara mkononi. Hakupiga kelele. Alisema tu, “Wanangu, mimi sijawahi hata kupewa ufunguo wa chumba kile.”

Tulikwenda. Tulipanda paani na tukaingia chumbani, mbele ya mwalimu na wajumbe wawili wa bodi. Paneli zilikuwa nzima, ila zilikuwa na vumbi, kinyesi cha ndege na mabaki ya wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi. Tawi la mwembe lilikuwa limekua likatia kivuli paneli moja, na mafundi mnajua, paneli zilizofungwa kwa mfuatano ni kama watu waliofungwa kamba moja: mmoja akilala, wengine hawaendi. Fyuzi ilikuwa imeondolewa, na mahali pake pametiwa kipande cha waya. Na betri? Tulifungua vifuniko. Ndani palikuwa pakavu. Zilikuwa betri za kutiwa maji, na tangu siku ya ngoma hakuna aliyezitia maji, kwa sababu hakuna aliyeambiwa kwamba betri hunywa.

Basi betri zile hazikuvunjwa na mlinzi. Zilikufa kwa kiu.

Tuliwasomea wakubwa Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2007. Tajiri wa kazi aweza kumkata mfanya kazi kiasi cha haki kwa hasara aliyoileta kwa kukusudia. Haisemi akatwe kwa sababu ndiye mnyonge aliye karibu. Mwalimu alikuwa mtu wa haki, akanyamaza kidogo, kisha akasema fedha zirudishwe. Zikarudishwa kwa mafungu mawili. Taa lakini hazikurudi, kwa sababu fedha za betri mpya hazikuwapo.

HESABU YA WATI

Ndugu, msiogope hesabu. Ni ya sokoni tu, kama hesabu ya debe la omena.

Tuseme shule ina madarasa manne, kila moja lina balbu 6 za wati 10. Hizo ni wati 60 kwa darasa, wati 240 kwa madarasa yote. Zikiwaka saa 3 za usiku, zimekula wati 720 za saa. Betri moja ya volti 12 na ampea 100 za saa ina kama wati 1,200 za saa, lakini betri ya risasi na asidi haitaki kunywewa zaidi ya nusu. Ukiimaliza kila siku, utaizika mapema. Basi betri moja yakupa kama 600. Kwa 720 wahitaji mbili, na kwa siku za mawingu yafaa ziwe nne.

Sasa mtu analeta pasi ya umeme. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja imekula zaidi ya taa za madarasa yote manne kwa usiku mzima! Huyo hakuiba kitu, alinyosha shati tu. Lakini shati lake limewalaza watoto gizani. Na hivyo hivyo mashine ya kuchapa, na televisheni, na simu 30 za majirani. Kila kitu kina wati zake, na wati zimehesabiwa.

Hesabu ya pili ni ya fedha. Paneli nzuri hudumu miaka 20 na zaidi. Betri ya risasi ikitunzwa hudumu miaka 3 hata 5. Betri za lithiamu hudumu zaidi, na bei yake ni kubwa zaidi. Tuseme betri moja ni shilingi 24,000 na hudumu miaka 4. Betri nne ni shilingi 96,000. Miaka 4 ni miezi 48. Gawanyeni: ni shilingi 2,000 kila mwezi. Shule inayoweka shilingi 2,000 kila mwezi katika akaunti yake, betri zikifa, itanunua nyingine bila kupiga magoti kwa mtu. Shule isiyoweka, itangoja mfadhili mwingine na ngoma nyingine.

Kumbukeni pia kwamba si kila kazi yataka betri. Pampu ya maji ya jua yaweza kusukuma mchana na kujaza tangi, usiku watu wakafungua bomba. Tangi ndilo betri yake. Sisi watu wa ziwani tunaoyaona maji kila siku na kukosa maji safi ya kunywa, tulifikirie jambo hilo kwa shule na zahanati zilizo juu ya vilima.

HALI YA MFANYA KAZI WA SOLA

Sasa twaja kwa sisi wenyewe. Ni nani anayefanya kazi hii? Kontrakta apata kazi mjini. Ampa kontrakta mdogo. Huyu naye atafuta fundi, na fundi atafuta vibarua watatu hapa stendi ya Sindo saa kumi na mbili asubuhi. Fedha zikifika kwa kibarua zimepita mikono mitatu, na kila mkono umebaki na chake. Hakuna barua ya kazi. Hakuna mkanda wa usalama. Wengi tumefanya kazi siku kumi tukaambiwa, “Ngojeni shule ilipwe.” Shule haijui hata majina yetu.

Mwenzetu mmoja aliteleza juu ya bati lililolowa umande, akaanguka, akavunjika paja. Kampuni iliyompa kazi ilisema haimjui. Alilala nyumbani miezi mitano, mkewe akawa anauza mandazi kulisha watoto. Leo anachechemea. Yumo ndani ya mkutano huu, na tumemwomba ruhusa ya kusema haya.

Ndugu, sheria zipo. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka wa 2007 yamtaka tajiri awe na bima ya wafanya kazi wake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yamtaka aweke mahali pa kazi pawe salama. Sheria ya Kazi yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi mmoja hageuzwi tena kama kibarua wa siku: masharti yake yawa ya mwezi. Na kazi ya miezi mitatu au zaidi yatakiwa iwe na mkataba ulioandikwa. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kuingia katika chama. Lakini sheria iliyo kabatini haimshiki mtu mkono. Lazima sisi tuitoe.

Na kazi hii ina hatari zake. Paneli haina swichi ya kulizima jua. Maadamu kuna mwanga, nguvu zimo wayani. Mwenye akili hufunika paneli kwa turubali kabla ya kugusa nyaya. Asidi ya betri huchoma jicho. Risasi iliyo ndani ya betri ni sumu ya polepole, na huwapiga watoto kuliko wakubwa. Msisahau mambo ya Owino Uhuru, Mombasa, ambapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu ya risasi katika kijiji kizima, wafanya kazi na jamaa zao. Mahakama iliwapa watu wale fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka wa 2020, na mwaka wa 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo. Lakini fedha haziondoi sumu mwilini mwa mtoto. Basi betri iliyokufa isivunjwe ufuoni ili mtu apate risasi ya kutilia nyavu. Irudishwe kwa aliyeileta.

MAKOSA YETU WENYEWE

Si haki kuwasema wengine tukajiacha. Ni nani aliyetia kipande cha waya mahali pa fyuzi katika shule ile? Si mwalimu. Ni fundi, mmoja wetu, aliyeitwa jioni akataka kumaliza upesi. Ni nani anunuaye waya mwembamba akaandika risiti ya waya mnene? Ni nani auzaye paneli iliyoandikwa wati 200 na mwenyewe ajua haifiki 120? Tukifanya hayo, twawezaje kudai tulipwe kama mafundi?

Kanuni za Sola za mwaka wa 2012 ziliweka leseni za mafundi kwa madaraja, T1 kwa kazi ndogo, T2 kwa kazi za kati, na T3 kwa kazi kubwa. Wengi wetu twajua kazi kwa mikono lakini hatuna karatasi. Kontrakta alijua hilo zamani, ndiyo sababu atulipa kama wabeba mizigo na kuweka jina la mtu mwingine juu ya cheti. Kukosa karatasi kwetu ni faida yake.

TUNAYOOMBA MYAKUBALI LEO

Kwa hivyo, Ndugu Mwenyekiti, twaleta mambo matano, na twaomba wanachama wainue mikono.

Kwanza, mwanachama yeyote asipande paani pasipo mkanda na pasipo karatasi yenye jina la tajiri, kiasi cha malipo na siku ya kulipwa. Hata ukurasa mmoja wa daftari uliotiwa sahihi ni bora kuliko ahadi.

Pili, tuziandikie bodi za shule na kamati za zahanati, kuwaomba kila mkataba wa sola uwe na sharti la kufundisha watu wawili wa palepale, mmoja fundi wa kijiji na mmoja mfanya kazi wa shule, na uwe na kazi ya kutazama vyombo kila miezi mitatu kwa malipo yanayojulikana.

Tatu, kila mahali paanzishwe mfuko wa betri, na hesabu yake isomwe mbele ya wazazi kila muhula.

Nne, mlinzi au mpishi akipewa kazi ya kufuta paneli na kutia maji ya betri, basi afundishwe, apewe glavu na miwani, na aongezewe malipo. Wala asikatwe mshahara kwa chombo ambacho hakufundishwa.

Tano, chama kiweke akiba ndogo ya kuwasaidia wanachama kufanya mtihani wa ufundi wa NITA na kutafuta leseni. Tuanze na wachache. Hao wakipata, wawafundishe wengine.

Ndugu zetu, kutoka hapa kwenda Rusinga si mbali. Huko amelazwa Tom Mboya, aliyekuwa mkaguzi wa afya wa Halmashauri ya Jiji la Nairobi, akawaunganisha wafanya kazi wenzake, na mwaka wa 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi wa Kenya. Aliuawa Julai 1969, akiwa na miaka 38. Hakuanza na mambo makubwa. Alianza na masharti ya kazi ya watu aliofanya nao kazi kila siku. Na sisi tuanze na yetu.

Siku ile tulipotoka katika shule ya mlinzi yule, jua lilikuwa linatua ziwani. Watoto walikuwa wanakusanya vitabu, kwa sababu giza lilikuwa linaingia na juu ya vichwa vyao, paani, paneli nzima nzima zilikuwa zimelala bure. Mtoto mmoja alituuliza, “Mafundi, mtawasha leo?” Hatukuwa na jibu. Twataka tukirudi tuwe nalo.

Walio upande wa maazimio haya, wainue mikono.